Mchanga, Shanga za Kioo na Ubapa wa Kisu

Wanaoandika historia ya chuma huanza kwa kawaida na tanuru na kuishia na nyundo. Kazi inayofuata, yaani kuupa ubapa wa kisu sura yake ya mwisho, huachiwa mafundi wenyewe kana kwamba haina historia. Lugha yashuhudia vingine. Neno msasa, ambalo leo hutajia karatasi ya kusugulia itokayo kiwandani, ni jina la mti ambao majani yake makavu, yenye kukwaruza, yalilainisha mbao kabla ya karatasi hiyo kufika. Hata hivyo, iko sura ambayo msasa peke yake hauitoi: ule ukijivu mtulivu usiong'aa, ulio sawa kila upande, unaoonekana katika visu vingi vilivyotengenezwa kwa mikono.

Asili ya sura hiyo yajulikana kwa tarehe. Mwezi wa Oktoba 1870, Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia alipewa hataza ya kukata na kuchora vitu vigumu kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu ya mvuke, hewa au maji. Tilghman alikuwa afisa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Baada ya kujeruhiwa Chancellorsville mwaka 1863, aliongoza kikosi cha tatu cha askari weusi wa jeshi la shirikisho. Husimuliwa kwamba wazo lake lilitokana na vioo vya madirisha vilivyofifishwa na upepo wa jangwani. Hadithi yapendeza, ila uvumbuzi wenyewe waeleweka bila hiyo: kila punje ya mchanga ni patasi ndogo, na patasi elfu nyingi zikirushwa pamoja hula kioo, jiwe na chuma. Huko Uingereza mbinu hiyo ilitumika hata kunolea tupa zilizochakaa.

Lakini patasi hizo huvunjika. Punje ikigonga chuma hupasuka kuwa vumbi jembamba la kwazi lisiloonekana kwa macho, nalo huingia katika mapafu na kuyakausha taratibu. Ugonjwa huo, silikosi, hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilikataza mwaka 1949 kutumia mchanga wa namna hiyo katika kusafisha vyuma vya kusubu. Marekani taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini ilishauri jambo kama hilo mwaka 1974, wala ushauri haukuwa sheria. Uturuki ilipiga marufuku mwaka 2009, baada ya vijana waliofifisha suruali za jinzi kwa mchanga kuugua na kufa. Karibu miaka 140 ilikuwa imepita tangu hataza ya Tilghman.

Shanga za kioo ni mojawapo ya vitu vilivyoshika nafasi ya mchanga. Kioo nacho hutengenezwa kwa mchanga, lakini baada ya kuyeyuka hakina tena fuwele za kwazi. Jambo linalomhusu zaidi mfua visu ni umbo: ushanga ni mviringo, kwa hiyo haukati bali hufinya. Kila ushanga huacha kishimo kidogo kama pigo la nyundo. Basi mkwaruzo uliosahauliwa haufutwi. Hujitokeza chini ya ukijivu ule, wazi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana fundi husugua ubapa kwa msasa mkavu kwanza, kisha kwa ulio laini zaidi, akibadili mwelekeo kila hatua ili mikwaruzo ya awali ionekane na kuondolewa. Halafu huosha mafuta yote, wala haushiki tena kwa vidole vitupu, kwa kuwa alama ya kidole huweza kubaki kama doa. Katika sanduku la kupulizia hutumia hewa ya nguvu ndogo na kuusogeza mkono bila kusita, maana ukisimama mahali pamoja panatokea kivuli. Barakoa bado yahitajika: chuma na kioo navyo hutoa vumbi.

Vishimo hivyo vina hasara yake. Huongeza eneo la chuma linaloguswa na unyevu, hata chuma kinachosifiwa kutoshika kutu kikashika. Shanga zilizokwisha kupiga chuma cha kawaida zikitumiwa tena, hupandikiza chembe za kutu katika kisu kisicho na kosa.

Titani haina tatizo hilo. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989, alikipa kisu chake cha kukunja, chenye mpini wa titani uliofifishwa hivyo, jina la Sebenza. Ni kitenzi cha Kizulu cha kufanya kazi. Nacho, kikikosa kiambishi uku-, ni amri kwa mtu mmoja.

Mpini hukwaruzwa na funguo mfukoni, ubapa na ala. Kovu moja haliwezi kusuguliwa peke yake bila kuacha doa linalong'aa. Ubapa mzima hurudishwa kwenye msasa, na kazi huanza upya.