Bushiri bin Salim na Uasi wa Ukoo Wake

Mwezi Juni 1889, miaka mingi kabla ya reli kufika Gulwe, vita vya pwani vilifika Mpwapwa, jirani yake. Bushiri bin Salim alikiteka kituo cha Wajerumani kilichokuwa huko. Kwa kawaida twamhesabu kuwa mpinzani wa Wajerumani tu. Kumbe uasi wake ulianzia mbali zaidi.

Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi, na mama yake Moromo. Mwaka 1859 wakuu wa ukoo huo walimwasi Sultani Majid wa Unguja, wakashindwa. Bushiri, mwenye mashamba ya miwa Pangani, hakuinamia utawala wa masultani. Hivyo Sultani Khalifa alipoikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, moyo wake ulikuwa tayari.

Wengi walimfuata. Lakini baada ya Mpwapwa aliwaleta Wambunga kutoka bara, nao wakapora vijiji vya watu. Wenyeji wakamgeuka, wakamkamata na kumkabidhi. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Akataaye kuonewa na aliye juu yake hana budi kuwalinda walio chini yake.