Majani ya Kitunguu Katika Maabara ya Collip

Januari 23, 1922, katika hospitali moja mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, aitwaye Leonard Thompson, alidungwa sindano ya dawa iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Ya kwanza, aliyodungwa siku 12 kabla, ilikuwa na uchafu mwingi na haikumfaa. Safari hii sukari katika damu yake ilishuka, na mtoto aliyekuwa amebaki mifupa na ngozi akaanza kupata nafuu. Aliyeisafisha dawa hiyo, insulini, alikuwa mwanakemia James Collip.

Collip alirudi Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, akiwa na swali. Mnyama hujiwekea akiba ya sukari mwilini kwa umbo la glaikojeni. Je, si kila kiumbe chenye akiba ya namna hiyo kina kitu kinachofanya kazi kama insulini? Alianza na kombe wa baharini, akaenda kwenye hamira, kisha akaingia kwenye mboga: majani mabichi ya kitunguu na ya saladi. Alikamua dondoo lake, akalisafisha, akawadunga sungura na kuwapima damu. Sukari ilishuka. Mwaka 1923 aliutangazia ulimwengu homoni mpya ya mimea, akaiita glukokinini.

Lakini kushuka huko hakukufanana na kwa insulini. Kulichelewa mno, na hakukutabirika. Glukokinini haikuwahi kumfikia mgonjwa kama dawa, na muda si mrefu Collip mwenyewe akahamia kwenye utafiti wa tezi nyingine.

Mmea uliofanikiwa haukutoka kwenye bustani ya mboga. Galega ni mmea wa Ulaya wa jamii ya kunde, ambao mifugo ikiula kwa wingi hudhurika. Ndani yake mna galegini, kemikali ya ukoo wa guanidini. Mwaka 1918 mtafiti Watanabe alionyesha kuwa guanidini hushusha sukari ya sungura, ila ilikuwa kali mno kwa mwili wa binadamu. Mwaka 1922, mwaka uleule wa Leonard, wanakemia Werner na Bell walitengeneza mjini Dublin kemikali ya ukoo huohuo iliyo pole zaidi: metformini. Insulini ilikuwa imeteka macho ya watu wote, na metformini ikakaa kando hadi 1957, Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa dawa hiyo. Leo ni miongoni mwa vidonge vya kisukari vinavyotumiwa zaidi duniani.

Mwaka mmoja baadaye, 1958, mtafiti Marsden Blois alieleza kipimo chepesi ambacho kingebadili utafiti wa mboga, si cha sukari bali cha antioksidanti. Mtafiti huchukua kimiminika cha zambarau iliyokolea, chenye molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, akadondoshea maji ya majani. Yakiwa na antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza molekuli za aina hiyo, molekuli hizo hutulizwa na zambarau hufifia hadi njano hafifu. Kipimo ni cha gharama ndogo, na hadi leo maabara nyingi hukitumia kupima mboga za kila aina.

Kufifia kwa rangi kwenye kichupa ni mwanzo tu. Dondoo la majani likinywewa hupita tumboni na kwenye ini, na huenda likafika kwenye damu limebadilika au limepungua mno. Karela, mboga tunayoipika hapa pwani, imechunguzwa miaka mingi kuhusu kisukari. Hata hivyo mapitio ya utafiti ya shirika la Cochrane ya 2012 yalihitimisha kwamba ushahidi haukutosha kuipendekeza kuwa tiba ya kisukari cha aina ya pili.

Hili halizishushii mboga hadhi. Nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na sahani yenye mchicha mwingi na ugali wa kiasi huwafaa watu wengi, wenye kisukari na wasio nacho. Ila chakula na dawa ni vitu viwili. Ndugu yangu mwenye kisukari, kula mboga zako kila siku, na usiache vidonge wala sindano kwa sababu ya maji ya majani. Ukitaka kuanza kunywa dondoo lolote, mwambie daktari wako kwanza, kwa maana likijumlishwa na dawa sukari yaweza kushuka kupita kiasi, na hilo laweza kuua.