Jamaa ya Bach na Riziki ya Muziki

Wako wazazi wasemao kwamba mtoto apendaye kuimba na kupiga kinanda atakufa njaa, nao wako vijana wadhanio ya kuwa sauti nzuri yatosha kumlisha mtu. Ili tuyapime maneno haya mawili, twataka kusimulia habari za jamaa ya Bach wa Ujerumani, ambao tangu baba hata mjukuu walipata mkate wao kwa muziki.

Zamani zile muziki ulikuwa ufundi kama useremala au uhunzi. Johann Ambrosius Bach alikuwa mpiga muziki wa mji wa Eisenach, akilipwa mshahara na baraza la mji. Yeye na wenzake walipiga tarumbeta katika nyumba ya baraza, Jumapili walipiga kanisani, na penye arusi waliitwa wakapewa ujira. Mvulana aliyeitaka kazi hiyo alikaa kwa fundi miaka kadhaa, akijifunza fidla na zumari na tarumbeta pamoja.

Mwanawe Johann Sebastian alizaliwa mwaka 1685. Kabla hajatimiza miaka 10 alikuwa yatima wa baba na mama, akalelewa na kaka yake, mpiga kinanda wa kanisa huko Ohrdruf. Mwaka 1700 alikwenda Lüneburg, akapokewa katika shule ya kanisa kwa sababu ya sauti yake, maana wavulana maskini waliojua kuimba walipewa chakula na fedha kidogo. Muda si muda sauti ikavunjika, kama zivunjikavyo sauti za wavulana wote. Kama angalitegemea koo peke yake, mambo yake yangalikwisha hapo. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kujua kinanda, na mwaka 1703, akiwa kijana wa miaka 18, kanisa la Arnstadt likamwandika kazi.

Baadaye alitumikia watawala. Mtumishi wa mtawala alikula vizuri, walakini hakuwa na hiari ya kuondoka. Mwaka 1717 Bach alipozidi kuomba ruhusa ya kuacha kazi huko Weimar, mtawala alimtia kifungoni karibu mwezi mzima, ndipo akamwachilia. Akaenda Köthen kwa mtawala kijana aliyependa sana muziki, akawa mkuu wa wapigaji wake.

Mwaka 1723 alihamia Leipzig kuwa mwalimu wa nyimbo katika shule ya Mtakatifu Thomas. Si yeye aliyetakwa kwanza: baraza la mji lilimtaka Telemann, kisha Graupner, na wote wawili hawakuja. Kazi ilikuwa nyingi kuliko tunavyodhani tusikiapo jina kubwa hivi. Ilimpasa kuwafundisha wavulana kuimba, na kuangalia muziki wa makanisa makubwa ya mji. Tena alitakiwa kufundisha Kilatini. Hakuipenda kazi hiyo, akamlipa mwalimu mwingine taleri 50 kwa mwaka aifanye badala yake. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake kwamba mapato yake yote ni kama taleri 700, na sehemu yake yatoka katika ada za maziko. Watu wakifa wengi mapato huongezeka, bali hewa ikiwa njema hupungua, na mwaka uliotangulia alikuwa amepungukiwa zaidi ya taleri 100. Tusimhukumu upesi. Nyumba yake ilijaa watoto, maana alizaa 20, ingawa 10 tu walifikia utu uzima.

Kwa hiyo alishika na kazi nyingine. Alifundisha wanafunzi nyumbani, akaongoza wanafunzi wa chuo wakipiga muziki katika nyumba ya kahawa, akaitwa miji mingine kupima vinanda vipya vya kanisa kama mafundi wamevitengeneza sawasawa. Mwaka 1732 mji wa Kassel ulimpa taleri 50 kwa upimaji wa kinanda kimoja, yaani sawa na fedha ya yule mwalimu wa Kilatini kwa mwaka mzima.

Wanawe walichukua njia mbalimbali. Carl Philipp Emanuel alisoma sheria kwanza, kisha akawa mpiga kinanda wa Mfalme Frederick wa Prussia. Johann Christian alikwenda London, akapata fedha kwa kuwafanyia watu muziki wa kiingilio. Wilhelm Friedemann, ambaye wengi walimsifu kwa ustadi wa vidole, aliiacha kazi yake ya kanisa huko Halle mwaka 1764 bila kupata nyingine ya kudumu, akafa maskini Berlin mwaka 1784.

Baba yao alikuwa amefariki mwaka 1750. Mkewe Anna Magdalena, aliyekuwa mwimbaji wa mshahara huko Köthen, tena akamsaidia mumewe kunakili muziki mwingi kwa mkono wake, alisalia na binti zake bila mali ya kutosha. Alikufa Leipzig mwaka 1760, akiishi kwa sadaka.