Panya wa kufugwa si panya wa mtaroni

NI nadra panya kutajwa katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe bila ya mtego au sumu kutajwa papo hapo. Huyu ni mnyama anayetoboa magunia ya nafaka, anayetafuna nguo sandukuni na kukimbizana mapaani usiku watu wanapotafuta usingizi.

Hata hivyo, katika nchi nyingi mnyama huyo huyo hufugwa majumbani kama afugwavyo paka au sungura. Ni mwerevu, hujisafisha mwili mara kwa mara, hali chakula kingi na humzoea upesi anayemlisha.

Kwa hivyo, swali linalomkabili mzazi ambaye mwanawe ameokota mtoto wa panya na kumficha ndani ya kopo si iwapo panya anafugika. Swali ni panya yupi anayefaa kufugwa, na yupi asiyestahili kamwe kuingizwa chumbani.

Asili yao

Miongoni mwa panya wanaopatikana pwani, wawili waliletwa na vyombo vya baharini. Panya mweusi, mpenda mapaa na dari, amekuwako Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 1,000, na mifupa yake imefukuliwa katika magofu ya Unguja Ukuu, Zanzibar. Panya wa kahawia, ambaye ni mkubwa zaidi, hupenda mitaro, majaa na bandari.

Wa tatu ni panya buku, mwenyeji halisi wa bara la Afrika. Huchimba mashimo, hubeba chakula ndani ya mashavu yake na huweza kufikia uzani wa kilo moja au zaidi.

Panya wa kufugwa wanaouzwa ng'ambo ni wa kizazi cha panya wa kahawia. Katika karne ya 19, Jack Black, mkamata panya wa London aliyejitangaza kuwa mtumishi wa Malkia Victoria, aliwatenga panya wenye rangi zisizo za kawaida, akawazalisha na kuwauza. Mwaka 1901 panya walianza kushindanishwa katika maonyesho ya wafugaji nchini Uingereza.

Panya weupe wa maabara, wanaozalishwa katika vyuo na taasisi za utafiti, nao ni wa uzao huo wa kahawia. Vizazi vingi vya kuishi na binadamu vimewapunguzia woga na ukali.

Fundisho la Morogoro

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wenyewe kwamba panya hulelewa akaleleka. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Bart Weetjens, Mbelgiji aliyekuwa akifuga panya tangu utotoni, huwafunza panya buku mjini Morogoro, Tanzania, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Panya hao hufundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Aliye maarufu zaidi, Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016 na kugundua zaidi ya mabomu 100. Mnamo Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu, naye akawa panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka minane.

La kuzingatiwa na mfugaji ni jinsi wanavyolelewa. Wakufunzi huanza kuwashika panya wakiwa wangali na majuma machache tu, wakawabeba, wakawazoesha harufu za watu na milio ya magari. Mwendo ni wa upole, na ujira wa kazi nzuri ni kipande cha ndizi au njugu.

Aidha, kazi nyingi hufanywa asubuhi na mapema kabla ya jua kupanda, na wakufunzi huwapaka panya hao mafuta ya kuwakinga na jua kwenye masikio na mkia. Ikiwa joto huangaliwa hivyo Morogoro, sembuse Mombasa.

Hatari ya panya wa porini

Panya wa mtaroni hata akiwa mchanga anaweza kuwa amebeba maradhi bila kuonyesha dalili yoyote. Mkojo wake hueneza ugonjwa wa leptospirosisi, ambao vijidudu vyake huingia mwilini kupitia michubuko au maji machafu, hasa nyakati za mafuriko. Mnamo Julai 2022, ugonjwa huo ulizuka mkoani Lindi, Tanzania, ambako uliitwa homa ya mgunda. Watu 20 waliugua na watatu kati yao wakafariki.

Kuumwa na panya pia huweza kuleta homa inayoandamana na upele na maumivu ya viungo. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, na majeruhi apelekwe hospitalini hata likionekana dogo.

Panya buku wa porini naye si wa kuchezewa. Mwaka 2003, panya wa jamii hiyo walioingizwa Marekani kutoka Ghana ili wauzwe kama wanyama wa kufuga waliwaambukiza wanyama wengine madukani ugonjwa wa mpox. Watu 47 walithibitishwa au kushukiwa kwa uzito kuupata, na mwaka huo huo Marekani ikapiga marufuku uingizaji wa panya na jamaa zao kutoka Afrika.

Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 imeweka masharti ya vibali kwa ufugaji wa wanyama wa porini. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ndilo la kuulizwa kabla ya mtu kumtoa buku shimoni.

Makao na joto

Aliyepata panya wa kizazi cha kufugwa hana budi kuwaweka wawili au zaidi wa jinsia moja, kwani panya akiwa peke yake hunyong'onyea. Jinsia zisichanganywe: jike huweza kushika mimba akiwa na majuma matano tu, hubeba kwa siku 21 hadi 23, na mara nyingi huzaa wana wanane au zaidi kwa mpigo. Tena anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyojifungua.

Kizimba kiwe cha wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, kwa kuwa mbao na plastiki hutafunwa. Sakafu yake iwe bapa, kwani wavu huwatia vidonda nyayoni. Matandiko bora ni vipande vya karatasi. Maranda ya mbao zenye harufu kali, kama vile msonobari na mwerezi, hudhuru mapafu. Kona wanayokojolea isafishwe kila siku, kwa maana harufu ya mkojo huwaletea maradhi ya kifua.

Adui mkubwa wa panya wa kufugwa pwani ni joto. Panya hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hupunguza joto zaidi kupitia mkia. Hupendelea nyuzi 20 hadi 26, na zikipita 30 huanza kutaabika. Kati ya Januari na Machi, kipimo hupita hapo Mombasa takriban kila mchana, na chumba cha paa la mabati huwa na joto kuliko nje.

Kizimba kwa hiyo kiwekwe chini sakafuni, mahali penye upepo na kivuli. Chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au kigae kilicholowa maji, huwapa mahali pa kujilaza. Panya anayehema kwa kasi au kulegea apozwe taratibu kwa maji ya kawaida, wala si ya barafu. Nje ya nyumba hakufai: paka, nyoka na kunguru hawana simile.

Chakula na usalama

Panya mzima hula takriban gramu 15 hadi 20 kwa siku. Nafaka, mboga, matunda na kipande kidogo cha yai au samaki hutosha. Mahindi na njugu zenye ukungu ni hatari kubwa, kwani sumu ya aflatoksini hushambulia ini lake. Maharagwe mabichi na muhogo mbichi pia vina sumu.

Meno yake ya mbele hayakomi kukua, hivyo apewe kijiti kigumu cha kutafuna. Asiinuliwe kwa mkia, bali ashikwe kwa mikono miwili chini ya kifua na miguu. Anayemshika anawe mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiachiwe kumchezea.

Jirani naye azingatiwe. Nyumba nyingi za bara ya Mombasa hupakana ukuta kwa ukuta, na sumu iliyotegwa upande wa pili haibagui panya wa kufugwa na wa mtaroni. Ni busara kumweleza mwenye nyumba na majirani mapema, badala ya kugombana baadaye juu ya mnyama aliyekufa.

Kwa familia za Kiislamu, yapo mengine ya kuangalia. Panya ni miongoni mwa wanyama watano ambao hadithi imeruhusu kuuawa hata na aliye katika ihramu, na mkojo wake ni najisi kwa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani. Mwenye kusali hulazimika kubadili nguo iliyokojolewa, na wengi huona ni heri kutomfuga kabisa.

Panya wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu hivi. Ni muda mfupi kwa mtoto aliyekwisha kumpa jina, na mrefu kwa mzazi atakayeachiwa kazi ya kusafisha kizimba.

Ama yule wa ndani ya kopo, aliyeokotwa mtaroni, arudishwe nje, na aliyemshika anawe vyema. Mtoto mwenye hamu ya kulea mnyama, na asiyepata panya wa kizazi cha kufugwa, atajifunza huruma hiyo hiyo kwa sungura au njiwa.