Biashara ya jumla ya bidhaa za chuma na vyombo vya nyumbani katika Magharibi ya Marekani

Biashara ya jumla ya bidhaa za chuma na vyombo vya nyumbani katika Magharibi ya Marekani ilikuwa mfumo wa kuwafikishia walowezi misumari, mashoka, kufuli, sufuria, visu, sahani na vioo vya madirisha kutoka miji ya pwani ya mashariki. Ilistawi hasa kati ya miaka ya 1780, walowezi walipoanza kuvuka Milima ya Appalachi kwa wingi, na miaka ya 1850, reli ilipofika mto Mississippi. Mwanzoni jina "Magharibi" lilimaanisha mabonde ya mito Ohio na Mississippi. Baadaye lilihamia mbali zaidi, hadi California.

Biashara hiyo iliendeshwa kwa mali kauli: mwenye duka alichukua bidhaa kwa ahadi, akaziuza, kisha akalipa baada ya miezi mingi. Hivyo mlowezi, ambaye mara nyingi husifiwa kwamba alijitegemea kwa kila kitu, kwa kweli alikuwa upande mmoja wa mnyororo wa madeni uliofika hadi viwanda vya Uingereza.

Bidhaa

Mlowezi aliweza kujenga nyumba ya magogo na kuchonga bakuli la mti kwa mikono yake, lakini hakuweza kujitengenezea chuma wala kioo. Kifaa alichokihitaji kwanza kilikuwa shoka, kwa kuwa bila shoka hakuna shamba wala nyumba katika nchi ya misitu. Baada ya hapo alihitaji plau, msumeno, bawaba za mlango na sufuria nzito ya chuma ya kupikia juu ya moto wa kuni.

Misumari ilikuwa ghali kwa muda mrefu kwa sababu wahunzi waliifua mmoja mmoja. Katika karne ya 17 koloni la Virginia lilitunga sheria ya kuwazuia watu wanaohama wasichome nyumba zao ili kuokota misumari kwenye majivu. Mwaka 1794 Thomas Jefferson alianzisha karakana ya misumari kwenye shamba lake la Monticello, ambako vijana watumwa ndio waliofanya kazi. Mwaka 1795 Jacob Perkins alipewa hataza ya mashine ya kutengeneza misumari. Kadiri mashine za namna hiyo zilivyoenea, bei ilishuka, na misumari ikawa bidhaa ya kawaida iliyouzwa kwa vipipa.

Vifaa vingi bora vilitoka Uingereza: visu na misumeno kutoka Sheffield, kufuli na vifaa vidogo vya chuma kutoka Birmingham, sahani na vikombe kutoka Staffordshire. Viwanda vya Marekani vilianza kushindana navyo polepole. Mfano mmojawapo ni kiwanda cha mashoka cha ndugu Collins katika jimbo la Connecticut, kilichoanzishwa mwaka 1826.

Usafirishaji

Chuma ni kizito na vyombo vya kauri huvunjika, kwa hiyo gharama ya safari ilikuwa sehemu kubwa ya bei. Kutoka Philadelphia au Baltimore, mizigo ilipakiwa kwenye magari makubwa ya farasi yaliyojulikana kama Conestoga, yakavuka milima hadi Pittsburgh. Njia ya Philadelphia hadi Pittsburgh ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 480. Hapo mizigo ilihamishiwa kwenye mashua bapa zilizoteremka mto Ohio kwa nguvu ya mkondo. Mashua hizo hazikurudi. Mwisho wa safari zilibomolewa na mbao zake kuuzwa.

Kupanda mto kulikuwa kugumu zaidi. Safari ya kutoka New Orleans hadi Louisville kwa mashua za kusukumwa kwa miti na kuvutwa kwa kamba ilichukua miezi 3 au zaidi. Mwaka 1815 meli ya mvuke Enterprise ilimaliza safari hiyo kwa siku 25. Mwaka 1825 ulifunguliwa Mfereji wa Erie wenye urefu wa kilomita 584, na nauli ya tani moja kati ya Buffalo na New York ikashuka kutoka takriban dola 100 hadi takriban dola 10. Tangu hapo New York ilizidi kuwavuta wafanyabiashara wa Magharibi waliozoea kununua Philadelphia na Baltimore.

Miji ya biashara ya jumla

Miji iliyopata faida ni ile ambako mizigo ililazimika kushushwa. Pittsburgh ilikuwa mwisho wa barabara na mwanzo wa mto. Kwa kuwa ilikuwa ghali kuvusha vioo na vyuma juu ya milima, mji huo ulianza kuvitengeneza wenyewe: James O'Hara na Isaac Craig walianzisha kiwanda cha vioo mwaka 1797, na baadaye vikafuata viwanda vya chuma.

Louisville ilikua kwenye maporomoko ya mto Ohio, ambako mizigo ilishushwa na kupitishwa nchi kavu hadi mfereji ulipofunguliwa mwaka 1830. St. Louis, karibu na mahali mto Missouri unapoungana na Mississippi, ilihudumia wawindaji wa manyoya, na tangu mwaka 1821 pia misafara ya kwenda Santa Fe, iliyokuwa sehemu ya Meksiko. Kampuni kubwa za jumla zilizaliwa katika miji hiyo, kama vile Belknap ya Louisville (1840) na Shapleigh ya St. Louis (1843).

Mali kauli na madeni

Mwenye duka wa Magharibi alisafiri kwenda mashariki mara moja au mbili kwa mwaka kuchagua bidhaa. Mfanyabiashara wa jumla alimpa muda wa kulipa, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na riba ilifichwa ndani ya bei. Yeye mwenyewe mara nyingi alikuwa anadaiwa na waagizaji au viwanda vya Uingereza. Huku kijijini, mwenye duka aliandika deni la mkulima kwenye daftari na kungoja mavuno. Fedha taslimu zilikuwa haba, hivyo wengi walilipa kwa mahindi, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, wiski, ngozi au nta.

Kiungo kimoja kilipokatika, vingine vilitikisika. Misukosuko ya kiuchumi ya 1819 na 1837 iliwafilisi wafanyabiashara wengi. Abraham Lincoln, kabla ya kuwa rais, alikuwa mshirika katika duka la kijiji cha New Salem, Illinois. Duka hilo lilishindwa, na ilimchukua miaka mingi kumaliza madeni yake. Mwaka 1841 Lewis Tappan alianzisha New York shirika la kukusanya habari za uaminifu wa wenye maduka wa mbali, ili wauzaji wa jumla wajue nani anastahili kukopeshwa.

Wakazi asilia

Waindio walinunua mashoka, visu, sindano na vyungu vya shaba kwa manyoya na ngozi. Kati ya 1796 na 1822 serikali ya Marekani iliendesha vituo vyake vya biashara kwa ajili yao. Mwaka 1803 Rais Jefferson alimwandikia gavana William Henry Harrison kwamba madeni ya viongozi wa Waindio yangewafanya wakubali kuuza ardhi. Kwa mkataba wa Mount Dexter wa mwaka 1805, Wachoctaw waliachia eneo kubwa la ardhi, na sehemu kubwa ya malipo ilienda kwa kampuni ya wafanyabiashara waliyokuwa wanadaiwa nayo.

California

Baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848, sepetu, sururu na karai za kuchekechea dhahabu ziliuzwa kwa bei ya juu sana. Bidhaa zilifika kwa meli kupitia Rasi ya Horn, au kwa kuvuka shingo ya nchi ya Panama. Collis Huntington na Mark Hopkins waliuza bidhaa za chuma mjini Sacramento, na mwaka 1861 walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya reli ya Central Pacific.

Mabadiliko

Reli ziliondoa haja ya mwenye duka kusafiri mashariki, kwani mawakala wa mauzo walianza kumfuata dukani na katalogi zao. Chicago ikawa kituo kikuu cha biashara ya jumla. Mwaka 1872 Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima moja kwa moja kwa njia ya posta, tena kwa fedha taslimu, na hivyo kuwakwepa muuzaji wa jumla na mwenye duka wa kijijini pamoja na daftari lake la madeni.