Daftari la Sista wa Temeke

Mtaani kwetu Temeke hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto walimwita Sista, wazee wenzake Nesi, na mumewe alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Kwangu alikuwa Mama Mkubwa, dada yake mama.

Alianza kazi mwaka 1958 katika hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa miaka miwili nyuma na ambayo baada ya Uhuru ndiyo ikaja kuitwa Muhimbili. Kabla yake, mji wa Dar es Salaam ulitengana hata katika kuugua. Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, yule mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake ijengwe. Jina lake bado liko Muhimbili, kwenye jengo la wodi. Utasikia mtu kwenye daladala anasema "mgonjwa wetu kalazwa Sewa Haji", wala hajui kwamba Sewa Haji alikuwa mtu.

Alipoolewa alihamia Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na baraza mbele. Mumewe alikuwa mtu wa reli, mpole, na kwa wakati ule alikuwa kituko cha mtaa: mkewe akiwa zamu ya usiku, yeye ndiye aliyesonga ugali. Majirani walicheka, kisha wakazoea.

Kofia yake ndiyo ninayoikumbuka kuliko uso wake wa siku hizo. Jumapili jioni aliifua, akaitia bluu, akaichovya kwenye wanga wa muhogo alioukoroga mwenyewe, akaikunja ingali mbichi na kuiegemeza kwenye bilauri ikauke na umbo lake. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Asubuhi aliibeba ndani ya mfuko wa karatasi, maana ndani ya chai maharage, yale malori ya abiria kutazamana, kofia ya wanga haifiki salama. Sabuni ilipoadimika miaka ya themanini, na sisi tukapanga foleni duka la kaya, ile kofia iliendelea kuwa nyeupe. Sikuwahi kujua sabuni alikuwa akiitoa wapi.

Ukutani palikuwa na picha mbili zilizokatwa gazetini, ya Mwalimu na ya Lucy Lameck. Lameck, mzaliwa wa Moshi mwaka 1934, alisomea uuguzi kabla ya kuzama katika siasa za TANU, akaja kuwa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa uwaziri mdogo. "Huyu alikuwa nesi," Mama Mkubwa alimwambia kila mgeni, hata asiyeuliza.

Kazi yake ya pili haikuwa na mshahara. Siku hizi uchungu ukimshika mtu Temeke, bajaji inamfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na wa Kinondoni wana Mwananyamala. Enzi zile, usiku wa manane wa mvua, palikuwa na mlango wake tu. Hodi ya mwenye uchungu haifanani na hodi ya mgeni: inagongwa kwa kiganja. Baba Mkubwa aliamka kuwasha mkaa, sufuria ikatengwa, ndani yake mkasi, uzi na wembe. Yeye alikuwa amekwisha kutoka na kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

Alikuwa mkali, nisiseme uongo. Mjamzito aliyeruka kliniki alikemewa barazani, watu wakisikia, na wapo walioamua kwenda kwingine kwa ajili ya ulimi wake. Nilipokuwa mtu mzima nilimwambia kwamba ule ukali haukuwa dawa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilikuwa naogopa, mwanangu."

Alistaafu mwaka 1993. Zahanati za watu binafsi, zilizopigwa marufuku kufanya biashara mwaka 1977, zilikuwa zimeruhusiwa tena kuanzia 1991, na mabango yalikuwa yameanza kuota barabarani. Mwaka huohuo wa 1993 hospitali za serikali zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Hodi ya kiganja ikarudi mlangoni kwake, sasa kwa watu waliokuwa na hospitali karibu lakini hawana cha kuchangia.

Alipofariki, ametimiza miaka themanini na ushei, tulikuta chini ya godoro daftari la shule lililochakaa. Ni wazazi wote aliowazalisha nyumbani. Majina hakuna. Kuna tarehe, saa, na nyumba: nyumba ya mwembe, nyuma ya kisima, kwa muuza mkaa, yenye bati jipya. Nilizunguka nalo mtaani siku mbili. Mwembe ulikatwa, pale pana fremu za maduka. Kisima kimefukiwa. Bati jipya lile, kama bado lipo, ni kutu tupu. Mzee mmoja anayecheza bao alinionyesha nyumba nne kwa kidole, ya tano tukabishana, wenzake wakaacha kete wakaingilia.

Ukurasa wa kumi na saba ni mimi. Mwandiko ni wa haraka, umeinamia kulia: "Wa mdogo wangu. Mvulana, saa kumi alfajiri. Kitovu shingoni mara mbili. Amechelewa kulia, amelia. Wembe umebaki mmoja."