Snoop Dogg alilima shamba la nani?



Mwaka 2020, kama ungeuliza ni nani mwenye Doggystyle, ile albamu iliyomtambulisha Snoop Dogg duniani, jibu lingekuwa Hasbro. Ndiyo, Hasbro, kampuni ya Marekani inayouza vitu vya watoto vya kuchezea pamoja na mchezo wa Monopoly. Snoop aliyeimba hakuwa mwenye albamu. Dr. Dre aliyetengeneza midundo, naye hapana. Suge Knight, mkubwa wa lebo aliyeogopwa na watu wengi, alikuwa gerezani, na lebo ilikuwa imemtoka mkononi miaka mingi mbele. Sasa sauti ya kijana wa Long Beach ilifikaje kwa wauza vitu vya watoto? Nataka tupite hiyo njia pamoja, na nitaipita kama mtu wa agro, juu sina macho mengine.

Wale tuliofanya staji upande wa Kabare na Walungu tunajua maneno mawili ambayo Bashi wanayo kuhusu udongo: kalinzi na bwasa. Ukiwa na bwasa, unalima msimu, unapanda maharagi, mihogo, mtama, unatoa haki ya mwenye udongo, basi. Mgomba hauruhusiwi. Kahawa pia hapana, juu mti unaokaa miaka mingi unaanza kusema kwamba udongo ni wako. Kalinzi iko ingine kabisa: zamani ulitoa ngombe kwa chefu, na udongo ukabaki kwako na kwa watoto wako. Mtu wa bwasa anaweza kuvuna vizuri kuliko jirani yake wa kalinzi, hata miaka kumi mfululizo. Lakini siku akiondoka, anaondoka na jembe lake tu.

Katika muziki, mgomba unaitwa masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, ile inayozaa pesa kila mara wimbo ukiuzwa, ukipigwa katika filamu, ukisikilizwa kwa simu. Rapa akisaini na lebo anaweza kuongea juu ya gari, nyumba na avansi usiku mzima. Kama hajauliza masta ni ya nani, bado hajaongea kontra.

Snoop alianza vizuri sana. Kwa jina la kuzaliwa ni Calvin Broadus, wa 1971. Mwaka 1992 Dre alimweka kwenye wimbo wa filamu, Deep Cover, kisha akamjaza karibu kila kona ya The Chronic, iliyotoka Desemba ya mwaka ule ule. Lebo ilikuwa Death Row, changa kabisa, na kampuni ya Interscope ndiyo ilisambaza kazi yake. Novemba 1993 ikatoka Doggystyle. Iliingia moja kwa moja nafasi ya 1 kwenye orodha ya Billboard, na wiki ya kwanza peke yake ilipita nakala laki 8.

Hapa sikubali wale wanaosema lebo ni wezi na mambo yanaishia hapo. Death Row ilimpa Snoop kitu ambacho hakuna pesa ya kijana wa Long Beach ingekinunua: sikio la Dre. Sauti ya Snoop ni ya polepole, haipigani na mdundo, inakaa juu yake kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha baraza. Dre alijenga midundo ya besi nzito na sinteti za juu zenye kuacha nafasi, na ile sauti ikapata mahali pa kukaa. Mbegu nzuri kwenye udongo unaoifaa. Bila lebo ile, pengine tungekuwa na rapa mzuri anayejulikana paka kwenye mtaa wake.

Lakini udongo mzuri ulikuwa na mwenyewe, na nyumba ikaanza kuanguka. Februari 1996 mahakama ilimtoa Snoop bila hatia katika kesi ya mauaji iliyokuwa juu yake tangu 1993. Mwezi uliofuata Dre akaondoka Death Row, akaenda kuanzisha Aftermath, na rekodi akaziacha nyuma. Septemba Tupac akapigwa risasi Las Vegas, akafa. Novemba ikatoka albamu ya pili ya Snoop, Tha Doggfather, bila mkono wa Dre. Ilishika nafasi ya 1 pia, ni kweli, lakini wiki ya kwanza iliuza karibu nusu milioni, na kila aliyesikiliza alijua kuna kitu kimekosekana. Mwanzoni mwa 1997 Suge Knight akahukumiwa miaka 9, na mwaka ule ule Interscope ikaacha kusambaza Death Row. Msanii alikuwa na miaka 25, jina lake linajulikana duniani kote, na yuko ndani ya nyumba ambayo mkubwa wake yuko gerezani na mlango wa soko umefungwa. Yeye mwenyewe hakuwa amekosa kazi. Ni karatasi ndiyo ilimfunga kwenye paa linalovuja.

Nafungua kidirisha kidogo. Mtoto wa mama mdogo anarapu hapa Bukavu, na mwezi uliopita aliniletea karatasi: «Yaya, wewe umesoma, niangalilie hii.» Kurasa 3. Mtu wa studio anamwahidi nyimbo 6 na klipu moja. Nimehesabu na kijana mwingine anayefanya kazi ya studio: yote pamoja haifiki dola 800. Upande wa pili, kijana anatoa rekodi zote za miaka 5, na rekodi hizo zinabaki za studio «kwa maisha yote». Nilimuuliza: huyu mtu ni Dre? Akacheka. Swali halikuwa la kuchekesha. Snoop alitoa migomba yake, lakini alipata mkulima bora wa kizazi chake na soko la nchi nzima. Wewe unatoa migomba yako juu ya masaa ya studio. Na tusiseme ni ujinga wa vijana wa leo, juu hata Franco Luambo, mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alisaini na Loningisa ya Léopoldville kontra ya miaka 10. Mtu akiwa na njaa ya kusikika, kalamu inakuwa nyepesi. Mpaka leo kijana hajasaini, lakini pia hajakataa, na mtu wa studio anapiga simu kila Ijumaa.

Nafunga kidirisha. Mwaka 1998 Snoop alitoka Death Row akaingia No Limit, na hapa ndipo historia inanifurahisha zaidi.

No Limit ilikuwa ya Master P, mtoto wa New Orleans aliyeanza na duka la kuuza muziki kule Richmond, California, kwa mtaji wa familia wa dola elfu 10. Mwaka 1996 alifanya na kampuni ya Priority kontra ambayo mpaka leo watu wa biashara ya muziki wanaitaja. Yeye analipa kurekodi, analipa matangazo, anachagua wasanii. Priority inapeleka madukani tu. Masta zinabaki zake, na mgao unaosimuliwa siku zote ni 85 kwake, 15 kwa Priority. Hiyo ni kalinzi kamili. Angalieni pia kwa nini aliweza kuipata: alifika mezani akiwa ameshauza mwenyewe, kwa mkono, duka kwa duka, na anajua mnunuzi wake ni nani. Hakuenda kuomba mbegu. Alihitaji gari la kupeleka mavuno sokoni, na bei ya gari inajadiliwa tofauti kabisa na bei ya mbegu ya mkopo.

Ila kalinzi ya Master P ilikuwa ya Master P. Snoop aliingia pale kama msanii wa lebo. Alipata ulinzi, alihamia Louisiana mbali na vita vya Los Angeles, jina likafupishwa kutoka Snoop Doggy Dogg kuwa Snoop Dogg, na Agosti 1998 albamu yake ikauza zaidi ya nusu milioni kwa wiki ya kwanza. Kwa hesabu ya pesa, lebo ilimwokoa. Kwa sikio langu, ile albamu ndiyo dhaifu kuliko zote tatu za mwanzo. No Limit ilitoa mwaka huo albamu zaidi ya 20, nyingi zimetoka kwa mikono ileile ya kundi la watengeneza midundo la ndani, Beats by the Pound, kwa mwendo wa kiwanda. Ni kilimo cha zao moja, bila kupumzisha udongo. Mwaka 1999 watengeneza midundo hao wakaondoka, na 2003 No Limit ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Mwenye kalinzi pia anaweza kuua udongo wake.

Snoop aliona. Albamu yake ya 1999 bado ilikuwa ya No Limit, lakini alimrudisha Dre kwenye baadhi ya nyimbo, na sauti ikapumua tena. Ya Desemba 2000 aliiita Tha Last Meal, chakula cha mwisho, na kweli ndiyo iliyofunga miaka yake pale. Baadaye alishirikiana na Pharrell na mwenzake Chad Hugo, wale wanaoitwa Neptunes, na 2004, akiwa Geffen, wimbo Drop It Like It's Hot ukampa nafasi ya 1 ya kwanza maishani mwake kwenye orodha ya nyimbo za Marekani. Miaka 11 baada ya Doggystyle! Mdundo wenyewe karibu hauna kitu: ulimi unaogonga mdomoni, ngoma kidogo, na nafasi kubwa ya kukaa. Yaani mbegu ilikuwa nzima siku zote.

Sasa turudi kwa migomba ya zamani. Death Row iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2006, juu ya madeni. Wakati huo Snoop angeweza kuimba nyimbo zake jukwaani kila usiku, lakini rekodi zilikuwa mali ya kugawiwa wadai, kama meza na viti vya ofisi. Mwaka 2009 kampuni ya Kanada, WIDEawake, ilinunua kila kitu kwa dola milioni 18. Nayo ikashindwa, na 2013 rekodi zikaenda kwa Entertainment One. Mwisho wa 2019 Hasbro ilinunua Entertainment One, juu ilitaka katuni za watoto, hasa Peppa Pig. Doggystyle ilikuja ndani ya mfuko kama majani yaliyobaki kwenye gunia la viazi. Mwaka 2021 Hasbro ikauza upande wa muziki kwa Blackstone, watu wa kuwekeza pesa. Hesabuni wenyewe ni mikono mingapi, na hakuna hata mmoja uliomuuliza aliyeimba.

Februari 2022 Snoop alinunua Death Row, na Doggystyle ikarudi kwa mwenye sauti. Alikuwa na miaka 50. Mwezi uliofuata nyimbo za lebo zikaanza kuondolewa kwenye mitandao ya kusikiliza muziki, mpaka 2023 zilipoanza kurudi. Watu walilalamika sana. Mimi naelewa: mtu aliyenunua shamba alilolima miaka 30 iliyopita anaweza kufunga uzio kidogo ili tu majirani wajue nani ana ufunguo.

Lakini tusiwadanganye vijana na mwisho huu mtamu. Snoop aliweza kununua juu alikuwa na mashamba mengine: sinema, televisheni pamoja na Martha Stewart, matangazo ya biashara, ziara za kila mwaka. Rapa mwenye albamu moja ya jina hana ngombe ya kutoa siku udongo ukiuzwa, na siku hiyo haitangazwi. Ndiyo maana mdogo wangu nimemwambia arudi kwa mtu wa studio na pendekezo moja: rekodi zibaki za studio kwa miaka 3 au mpaka dola 800 zirudi, ile itakayofika kwanza, kisha zirudi kwake. Kama atakataa, basi angalau tutajua alikuwa anataka nini, maharagi au migomba.

The Chronic nayo ilirudi kwa Dre mwaka 2023. Desemba 2024 ikatoka Missionary, Snoop kwenye maikrofoni, Dre kwenye midundo, kama 1993. Kwenye jalada kuna Aftermath, kuna Interscope, na kuna Death Row, ambayo sasa mkubwa wake ni Calvin Broadus.